Uzi: Swali la mbunge wa upinzani kuhusu watumishi wa visiwani, liandikweje lisijibiwe "kadiri ya upatikanaji wa fedha"?

#1 Ikama Kwanza (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wadau wa Kanda ya Ziwa.

Bunge likikaa, mbunge wa upinzani kutoka huku ziwani (na wa chama tawala pia, tusionee) anasimama na swali lile lile: "Je, ni lini Serikali itapeleka watumishi wa kutosha kwenye zahanati za visiwani?" Jibu unalijua kabla Naibu Waziri hajavaa miwani. Serikali inatambua uhaba huo, na itaendelea kuajiri kwa awamu kadiri ya upatikanaji wa fedha. Swali linalofuata.

Ubaya wa jibu hilo ni kwamba si la uongo. Swali limeacha milango miwili wazi, "lini" na "wa kutosha". "Lini" inazibwa na "kwa awamu", na "wa kutosha" haina kipimo. Uzi huu ni wa wasaidizi wa wabunge na madiwani wanaoandika maswali: namba ipi iombwe, inakaa kwenye karatasi gani, na inakwamia wapi.

Chukueni nafasi moja, tuseme muuguzi wa zahanati kisiwani Ukara. Mganga Mkuu wa Wilaya anaonyesha upungufu. Afisa Utumishi anauingiza kwenye ikama (hesabu ya nafasi za watumishi) na bajeti ya mishahara ya halmashauri. Unapita mkoani, unakwenda kuchambuliwa Ofisi ya Rais Utumishi na Hazina, kinatoka kibali cha kuajiri. Sekretarieti ya Ajira inatangaza, inasaili, mtu anapangiwa kituo. Anaripoti, anaingizwa kwenye mfumo wa mishahara, anapata check namba (namba yake ya malipo), ndipo mshahara unatoka.

Humo mna namba tano: walioombwa, walioidhinishwa, waliopangwa, walioripoti, na wanaolipwa leo kupitia halmashauri hiyo. Ukiuliza kwa ujumla utapewa inayong'aa kuliko zote, na mara nyingi ni "waliopangwa". Yule aliyepangiwa akaona maji, akageuza gari pale Mwanza mjini, naye yumo.

Kipimo cha "kutosha" kipo. Mwongozo wa ikama wa Wizara ya Afya wa 2014 uliweka zahanati watumishi 15 hadi 20, kituo cha afya 39 hadi 52, hospitali ya wilaya 200 hadi 337. Fanya hesabu ya mfano: halmashauri yenye zahanati 30, vituo vya afya 4 na hospitali 1, kwa kiwango cha chini inadai 450 + 156 + 200, yaani 806. Mbunge akiingia na namba hiyo mkononi, neno "wa kutosha" analiacha nyumbani.

#2 Kirumba Sokoni

Mkuu, umeandika vizuri ila kwa Bunge lipi? Kambi Rasmi ya Upinzani inatakiwa ifikishe asilimia 12.5 ya wabunge wote. Tangu uchaguzi wa 2020 hakuna kambi, hakuna waziri kivuli, hakuna ile hotuba ndefu ya maoni ya upinzani kwenye bajeti ya kila wizara. Enzi za 2010 hadi 2015, kwenye majimbo ya huku Mwanza, Nyamagana alikuwepo Wenje, Ilemela Kiwia, Ukerewe Machemli, wote CHADEMA. Sasa hivi mbunge wa upinzani akiuliza anauliza kama mtu anayepiga hodi nyumba isiyo na watu.

#3 Karani wa Baraza

Kirumba Sokoni, kwa kuwa kambi haipo ndiyo maana swali lenyewe lazima liwe kali. Hotuba ilikuwa inabeba kila kitu, hata swali bovu lilifichika humo. Leo mbunge amebakiwa na vifaa vichache, na kila kimoja kina kazi yake:

Swali la msingi. Linapelekwa mapema kwa maandishi, wizara inaandaa jibu, na muulizaji ana maswali mawili ya nyongeza. Nguvu yote iko kwenye nyongeza. La msingi ni kuwalazimisha waandike namba kwenye karatasi, na namba ikishaingia kwenye Hansard (kumbukumbu rasmi za Bunge) haifutiki. Wengi wanafanya kinyume: la msingi linakuwa hotuba, nyongeza inakuwa "je, Waziri yupo tayari kuambatana nami jimboni?" Atasema yupo tayari. Hakuna Waziri aliyewahi kukataa safari.

Swali kwa Waziri Mkuu, Alhamisi, dakika 30. Hapa ni sera tu. Ukimuuliza kuhusu zahanati moja atakuambia ulete kwa utaratibu wa kawaida, na nafasi imekwenda. Muulize sera ya kuwabakiza watumishi visiwani.

Kushika shilingi. Bajeti ya wizara ikifika Kamati ya Matumizi, kwenye kifungu chenye mshahara wa Waziri, mbunge anataka ufafanuzi wa sera na asiporidhika anatoa hoja ya kuondoa shilingi. Usiache jina lako likae mwishoni mwa orodha, muda ukiisha inakuja gilotini, vifungu vyote vinapita kwa pamoja na shilingi yako umeishika hewani.

Na jambo linaloua maswali mengi kuliko yote ni kumuuliza Waziri asiye wake. Zahanati, vituo vya afya na shule za msingi ni TAMISEMI. Vibali, madaraja na mfumo wa mishahara ni Utumishi. Sekou Toure, kwa kuwa ni hospitali ya rufaa ya mkoa, ni Wizara ya Afya. Hospitali ya Bugando mwenye mali ni Kanisa Katoliki kupitia Baraza la Maaskofu, ila ina watumishi wanaolipwa na Serikali, kwa hiyo swali la watumishi hao liende Afya, na liseme wazi "wanaolipwa na Serikali". Nidhamu ya walimu iko Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Ukikosea mlango unajibiwa kwa adabu, na hujapata kitu.

Kuhusu haki yenyewe ya kuuliza, Katiba ibara ya 63(3)(a) haijasema "mbunge wa kambi yenye asilimia 12.5".

#4 Furu wa Nansio

Naongezea kwenye ile namba ya tano ya mwanzisha uzi, "wanaolipwa leo", kwa sababu visiwani ndiko penye donda.

Ajira zinazotoka ni za aina mbili: nafasi mpya na nafasi mbadala. Mbadala inatokana na mtu aliyekufa, aliyestaafu, aliyeacha au kufukuzwa kazi. Sasa mtu AKIHAMA hayumo humo. Ameondoka Ukerewe kaenda Ilemela, lakini kwa hesabu za taifa hakuna aliyepungua: bado yupo kwenye mfumo, bado analipwa, kilichobadilika ni halmashauri inayombeba. Kwa hiyo pengo lake halizai mbadala. Linarudi kwenye foleni ya maombi ya nafasi mpya, mwaka ujao wa fedha, likishindana na maombi ya nchi nzima.

Ukielewa hapo utaelewa kwa nini Serikali inaweza kusema kweli kwamba imepeleka watumishi 60 Ukerewe kwa miaka kadhaa, na zahanati ikabaki na mtu mmoja anayezalisha, anachanja, anagawa dawa na kuandika rejista. (60 ni ya mfano tu, msije mkainukuu.) Ndoo inajazwa, tundu liko chini.

Swali la kuuliza: "Kati ya watumishi wa afya waliopangwa Halmashauri ya Ukerewe kila mwaka wa fedha kuanzia 2021/2022, wangapi bado wanalipwa mishahara kupitia halmashauri hiyo, kwa kila kada?" Mfumo unaweza kuitoa hiyo taarifa. Hakuna "kadiri ya upatikanaji wa fedha" hapo, kwa sababu hujaomba fedha.

"Kwa kila kada" msiliache. Jumla inaficha mengi. Halmashauri inaweza kuonekana ina asilimia nzuri kwa kuwa ina wahudumu wengi, huku wauguzi na wataalamu wa maabara wakiwa wa kutafuta kwa tochi.

Wilaya ina visiwa 38, vyenye makazi ya kudumu ni kama 15. Mtumishi wa Irugwa na wa Nansio mjini wanaitwa wote "Ukerewe" kwenye mfumo. Basi omba kwa kituo pia, pale inapowezekana.

#5 Sangara Mkavu

Na posho ya mazingira magumu je? Kila mbunge wa visiwani anaulizia.

#6 Furu wa Nansio

Inaulizwa vibaya. Sera ya Malipo na Motisha katika Utumishi wa Umma ni ya 2010. Mbunge akiuliza "je, Serikali haioni umuhimu wa kuwapa posho", Waziri anajibu anaona umuhimu. Ndiyo hivyo, ameona. Uliza: halmashauri zipi za Mkoa wa Mwanza zimetenga motisha kwa watumishi wa visiwani kwenye bajeti ya mwaka huu, kiasi gani, na kimetoka kiasi gani hadi robo ya pili. Kutenga na kutoa ni vitu viwili, hasa motisha ikitegemea mapato ya ndani ya halmashauri ambayo yenyewe yanategemea ushuru wa dagaa na samaki.

#7 Tange na Daraja

Mimi nawaletea madeni, kwa sababu naona wabunge wanayachanganya kwenye chungu kimoja na Serikali inafurahi.

Madeni ya watumishi yako mafungu mawili. Kuna malimbikizo ya mishahara: mtu kapandishwa daraja, barua inasema kuanzia Julai, mfumo ukabadilishwa Desemba, ile tofauti ya miezi mitano ndiyo limbikizo. Hii inapita Utumishi, analipa Hazina. Na kuna madeni yasiyo ya mishahara: uhamisho, likizo, matibabu, masomo. Haya anadaiwa mwajiri, yaani Mkurugenzi, kutoka kwenye matumizi mengineyo au mapato ya ndani.

Mbunge anauliza "madeni ya walimu Sengerema yatalipwa lini", Waziri anajibu "tumelipa malimbikizo ya shilingi kadhaa", mbunge anashukuru. Kumbe walimu walikuwa wanalia na uhamisho, ambao haujaguswa hata senti.

Uhamisho unavyotengeneza deni: mtumishi akihamishwa kwa matakwa ya mwajiri anastahili, pamoja na nauli na mizigo, posho ya usumbufu ya asilimia 10 ya mshahara wake wa mwaka. Mshahara wa 800,000 kwa mwezi ni 9,600,000 kwa mwaka, asilimia 10 ni 960,000. Bado posho ya kujikimu na familia. Ukihamisha watu 40 kwa barua ya siku moja, posho ya usumbufu pekee inafika shilingi 38,400,000 bila kugusa nauli. Kanuni zinataka fedha iwepo kwanza ndipo uhamishe. Kinachofanyika: barua inatoka leo, fedha "itafuata", na ndiyo inakuwa hoja ya mkaguzi mwaka hadi mwaka.

Jingine ni kupanda daraja. Sifa peke yake hazitoshi, lazima nafasi yako iwe imetengwa kwenye ikama na bajeti ya mwaka huo. Jina likisahaulika wakati wa kuandaa, au tarehe ya ajira kwenye TANGE (orodha ya watumishi, vyeo na tarehe zao) ikawa imekosewa, wenzako mlioanza siku moja wanapanda na wewe unasubiri. Na ukichelewa unachelewa hadi kwenye mafao, maana kikokotoo kinaangalia mshahara. Ule uhakiki wa watumishi wa 2016 na 2017 ulisimamisha madaraja, kisha waliokwama wakaja kupandishwa kwa mserereko (kurukishwa daraja kufidia muda waliopoteza). Swali zuri: wangapi waliostahili mserereko wamestaafu kabla ya kuupata, na mafao yao yamekokotolewa kwa mshahara upi?

Hilo swali sijaliona likiulizwa hivyo, na ni la upinzani hasa.

#8 Dagaa wa Igombe

Wadau, mnaongelea uhaba na madeni tu, mageuzi ya utumishi wa umma hamyagusi. Mageuzi yamepita mengi: Sera ya 1999, Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002, OPRAS (fomu ya kupima utendaji wa mtumishi) kuanzia 2004, sasa PEPMIS (upimaji huo kwenye mfumo wa kompyuta). Uhakiki wa vyeti 2017 ulitoa majina 9,932 ya wenye vyeti vya kughushi. Wapinzani wengi hubishana na uhakiki wenyewe, wakati hoja ilikuwa nyingine: aliyeondolewa zahanati ya kijijini, nafasi yake ilijazwa baada ya miezi mingapi? Mageuzi yanapimwa dirishani kwa mwananchi.

OPRAS ilikufa kwa sababu ilikuwa fomu ya kujazwa Juni kwa niaba ya mwaka mzima, bosi na mtumishi wakikubaliana alama kama wanaoandika mchango wa harusi. PEPMIS inataka majukumu yaingizwe na msimamizi aidhinishe kila wakati. Kwa ofisi ya mkoa sawa. Kwa zahanati yenye watu wawili kisiwani, mtandao unapanda na kushuka, msimamizi kahamia halmashauri nyingine na kwenye mfumo bado anaonekana yeye, kazi zinakaa "zinasubiri idhini" mpaka kipindi kinafungwa. Alama inashuka, mtu alikuwa kazini siku zote.

Kwa hiyo swali liwe: ni asilimia ngapi ya watumishi wa halmashauri nane za Mwanza waliokosa alama kamili kwa sababu ya kazi ambazo hazikuidhinishwa, na alama hizo zinatumika kwenye maamuzi gani?

Watumishi hewa pia. "Wapo wangapi" haisaidii kitu. Hewa wengi huzaliwa kwa ucheleweshaji: mtu kafariki tarehe 3, taarifa imemfikia Afisa Utumishi tarehe 28, mshahara umeshafungwa, umeingia benki. Ulizeni wastani wa siku kati ya kifo, kustaafu au utoro na kusimamishwa kwa mshahara, na kiasi kilichorejeshwa Hazina.

Na kukaimu. Kanuni za Kudumu zinataka mtu asikaimu zaidi ya miezi sita. Hesabuni wakuu wa idara wa halmashauri zenu. Kaimu hathubutu kumkatalia mtu.

#9 Kirumba Sokoni

Dagaa wa Igombe hiyo ya mwisho nimeipenda. Haya, narudisha maneno yangu nusu. Lakini namba zenyewe mbunge wa upinzani atazitoa wapi? Mkurugenzi hampi.

#10 Karani wa Baraza

Anazo, hajui tu. Ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ya Serikali za Mitaa, inayofika kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwasilishwa bungeni Aprili. Angalia upungufu wa watumishi na madeni. Kitabu cha Tatu cha makadirio, Fungu 81 ndilo Mwanza, mishahara ya kila halmashauri imo. Taarifa za robo mwaka za Baraza la Madiwani, na mbunge ni mjumbe wa baraza, kabrasha ni haki yake. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016: andika barua kwa Mkurugenzi, ana siku 30 za kujibu. Asipojibu, barua hiyo yenyewe ni swali la nyongeza.

Msitume swali lenye jina la mtumishi, maoni, au maneno kama "uzembe uliokithiri". Litarudishwa au kulainishwa mpaka usilitambue.

#11 Nyakalilo Gati

Wakuu, huduma za umma si zahanati peke yake. Sisi wa visiwa vya Kome na Maisome daraja letu ni kivuko. Wakala kama TEMESA, anayeendesha vivuko vya Serikali, ni zao la mageuzi yale yale, chini ya Sheria ya Wakala za Serikali ya 1997: ajitegemee, apimwe kwa mkataba wa utendaji. Baada ya MV Nyerere kuzama Septemba 20, 2018 pale Ukara, kila mtu anauliza uzima wa chombo. Mnisaidie swali la watu.

#12 Ikama Kwanza

Nyakalilo Gati, lako lipo tayari. Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa Juni 19, 2025. Uliza Waziri wa Ujenzi: watumishi wa vivuko vya Kigongo–Busisi walikuwa wangapi siku hiyo kwa kila kada, nahodha, fundi mitambo, baharia, mkata tiketi, na kila mmoja kapangwa kivuko gani sasa? Nyongeza ya kwanza: kivuko cha Nyakalilo–Kome kina manahodha wangapi wenye vyeti hai kwa zamu, na nahodha akiugua anashika nani? Nyongeza ya pili: mkataba wa huduma kwa mteja unasema abiria asubiri dakika ngapi, na umebandikwa gati lipi?

Na la zahanati, kwa kuunganisha mliyosema, nimeliandika hivi. Lipondeni:

"Je, kwa kila kada ya afya, Halmashauri za Ukerewe na Buchosa ziliomba, ziliidhinishiwa, zilipangiwa na zilipokea watumishi wangapi kila mwaka wa fedha kuanzia 2021/2022, na wangapi kati yao wanalipwa kupitia halmashauri hizo hadi sasa?"

#13 Karani wa Baraza

Gawa. Halmashauri mbili, kada zote, miaka yote, watakujibu "taarifa ni nyingi, Mheshimiwa atapatiwa kwa maandishi" na hazitakuja. Ukerewe peke yake, wauguzi na matabibu tu. Buchosa mpe mwingine.

Na tarehe. Msilipeleke kwa Mkutano wa Bajeti, Aprili ikama imeshafungwa. Mwongozo wa bajeti hutoka mwishoni mwa mwaka na uchambuzi wa ikama unafuata. Lipangwe Mkutano wa Novemba, nyongeza ziandaliwe kwa ajili ya Januari na Februari.

#14 Sangara Mkavu

Wauguzi na matabibu, Ukerewe tu, Novemba. Nimenakili. La mserereko nani analichukua?

#15 Tange na Daraja

Nitaliweka hapa kesho likiwa na maneno yasiyozidi 40.